Kawa Langu na Fomu ya Sahihi Tatu

Ule ulikuwa mwaka wa shelisheli. Tarakimu zake wanazo wenye kalenda. Sisi tukisema mwaka wa shelisheli kila mtu anajua. Mchele ulipanda bei mpaka wenye maduka wakawa wanaupima kwa aibu, na miti ya shelisheli, kama iliyopelekewa habari, ikazaa hata matawi yakainama. Tulikula shelisheli la nazi, shelisheli la kuchoma, shelisheli la kukaanga na pilipili, shelisheli la mchuzi wa papa. Ramadhani ile ukipelekewa sahani na jirani unajua kilichomo kabla hujafunua. Jirani yangu mmoja alisema akifa asizikwe karibu na mti huo, asije akaendelea kuletewa.

Mwaka huohuo ndipo hoteli yetu ilipogundua haki. Kabla ya hapo tulikuwa tunafanya kazi tu.

Mie ni mtu wa jiko. Skuli niliishia darasa la tano, kalamu nimekuja kuizoea ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na haya nnayaandika kwenye daftari la mjukuu lililobakia kurasa. Anayetaka maneno ya kusomesha akatafute kwengine. Nakaa Amani, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba bao likifungwa sufuria zangu ndizo za mwanzo kupata habari. Hoteli ninayofanyia kazi iko Mji Mkongwe, nyumba kongwe ya ghorofa tatu, ndani ya kichochoro ambamo wageni hupotea hata na ramani mkononi. Jiko liko chini, uani. Mchuzi wa samaki wa nyumba ile ni wangu, na anayebisha akale kwengine vilevile.

Mikate ilikuwa ya mwenzangu mmoja wa Makunduchi, mwanamke wa makamo, kiziwi. Homa ilimchukua masikio akiwa hajatimia miaka mitatu, na sauti ikafuatana nayo. Huyu alikuwa anapika mkate wa ufuta kwenye kikaango cha udongo, kama inavyotakikana. Kwa asiyejua: unga wa hamira na tui la nazi unautandaza kikaangoni kwa mkono wa maji, unanyunyiza ufuta, ukishika chini unakipindua kikaango kizima, mdomo unaangalia makaa, ili juu napo paive. Ukiwahi, mkate unaangukia motoni. Ukichelewa, chini panakuwa mkaa. Watu huchungulia, huhesabu, husoma dua. Yeye alikuwa anapitisha kiganja juu ya kikaango, mara moja, kama anayempapasa mtoto aliyelala, kisha anapindua. Sijaona hata siku moja mkate wake umeanguka.

Na jikoni kwetu hakuna aliyepata tabu ya kuzungumza naye. Lile feni la kuvuta moshi lina kelele za mashine ya kukoboa, kwa hiyo sote tulishazoea kusema kwa mikono. Chumvi ni kushika ndewe ya sikio. Harakisha ni kujipiga pajani. Kila mtu ana jina lake la mkono, na majina yote aliyatoa yeye. Meneja alikuwa mtu anayevuta suruali ipande. Mie nilikuwa ngumi kiunoni na vidole vinavyofunguka na kufunga kama mdomo wa bata. Nilipouliza kwa nini bata, jiko zima lilicheka, hata mwenye kuosha vyombo, mtu asiyecheka mwaka mzima.

Sasa, msimamizi wa jiko la asubuhi aliacha kazi akahamia Maskati kwa mwanawe. Tangu siku hiyo kazi yake ikafanywa na mwenzangu wa Makunduchi, miezi na miezi, bila ya cheo na bila ya ahsante. Yeye ndiye anayefungua jiko baada ya sala ya alfajiri. Yeye ndiye anayelipiga gunia kofi akajua unga umebaki wa siku ngapi. Wauza mayai waliokuwa wanatuletea viza waliacha, maana alikuwa analizamisha yai majini mbele ya macho yao, likielea anamrudishia mwenyewe mkononi na kumtazama. Mtazamo ule hauhitaji mkalimani.

Nafasi ile ikatangazwa. Waliotaka walikuwa wawili: yeye, na mjukuu wangu.

Naam, mjukuu wangu wa damu, mtoto wa binti yangu, nimemlea mwenyewe. Ana cheti cha mambo ya hoteli, kimetiwa kioo kimetundikwa barazani kwangu, na kila anayekuja kuomba moto wa mkaa anaonyeshwa kwanza. Alikuwa anahudumia meza za asubuhi. Anajua Kiingereza, anajua Kitaliani cha kuombea radhi, na akitembea na sinia utadhani limemuota mkononi. Nnajivuna naye, na sitaki mtu anifahamu vibaya katika hayo yanayofuata.

Meneja akasema safari hii hakuna kupeana vyeo kwa kujuana. Safari hii haki itatendeka kitaalamu. Akaletwa mtaalamu wa saikolojia ya kazi, bibi mmoja kijana mwenye miwani mikubwa na mkoba umejaa karatasi za rangi. Tulipandishwa sote juu ya paa kwenye semina ya usawa, ujumuishi na kukuza vipaji. Aliponiona akanishika mikono miwili.

"Mama yangu shujaa!" akasema.

"Shikamoo ingetosha," nikamwambia.

Akacheka, akaandika kitu.

Kwanza tukafundishwa majina. Tusiseme kiziwi. Tuseme mtu mwenye changamoto ya usikivu. Mwenzangu alikuwa amewekwa kiti cha mbele kabisa, na beji kifuani, na hakuna hata mtu mmoja aliyeletwa kumfasiria. Semina ya kumuingiza yeye, na yeye ndiye pekee aliyekuwa nje. Akanigeukia, akaniuliza kwa mikono: wanasema nini?

Nikamjibu: wanakusema wewe.

Wananisemaje?

Nikamueleza lile jina jipya, na kwa mikono ni refu, nilitumia karibu viungo vyote. Akafikiri kidogo, akagusa sikio la kulia, akagusa la kushoto, akakung'uta viganja. Masikio ni yaleyale.

Kisha tukachezeshwa mchezo. Tulipangwa mstari mmoja, mtaalamu anasoma kwenye karatasi.

"Piga hatua moja mbele kama nyumbani kwenu kulikuwa na vitabu."

Meneja akapiga. Na mie nikapiga, maana kwetu ulikuwepo msahafu na juzuu tatu.

"Mama, namaanisha vitabu vingine."

Nikarudi nyuma.

"Piga hatua mbele kama wazazi wako walikuwa na ajira ya ofisini." Meneja huyo. "Piga hatua mbele kama hujawahi kukosa nauli." Meneja huyo. Mpaka mwisho wa mchezo meneja amefika kwenye ukingo wa paa, hatua nyengine moja tungekwenda kumuokota kichochoroni. Mie nimeegemea tangi la maji. Na mwenzangu wa Makunduchi amesimama palepale alipoanzia, si kwa umasikini wala utajiri, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia kinachezwa nini.

"Sasa tazameni pengo lililopo baina yetu," mtaalamu akasema, na machozi yanamlengalenga.

Watu wakapiga makofi. Mwenzangu naye akapiga, ana adabu zake.

Tukapigwa picha. Yeye katikati, meneja kamuwekea mkono begani. Wiki ya pili picha ile ikatundikwa mlangoni, kubwa kama dirisha, na chini yake imeandikwa kwamba hapa kila mtu ana nafasi. Kila asubuhi mwenye picha anapita chini yake akienda kufungua jiko ambalo hakuwa na nafasi nalo.

Nikaitwa ofisini nikaambiwa niingie katika jopo la kuchagua. Watatu: meneja, mtaalamu na mie.

"Kwa nini mie?" nikauliza.

Mtaalamu akanionyesha fomu. Ilikuwa na visanduku vya kutia alama: awepo mwanamke, awepo mtu mzima, awepo wa ngazi ya chini. "Wewe mama unavijaza vyote vitatu," akasema kwa furaha, kama mtu aliyepata samaki watatu kwa ndoana moja.

"Na bila ya sahihi tatu fomu haisihi," meneja akaongeza. "Makao makuu hawaipokei."

"Mnajua lakini kuwa mmoja wa hao wawili ni mjukuu wangu?"

Mtaalamu akaitazama fomu juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. Hakikuwepo kisanduku cha hilo. "Tuendelee," akasema.

Mtihani wa mwanzo ulikuwa wa kikompyuta cha kupapasa. Mjukuu wangu aliumaliza kabla chai haijapoa. Mwenzangu kusoma anasoma kidogo, neno mojamoja, kama mtu anayechagua mchele. Nikasogea nimfasirie kwa mikono.

"Hapana, mama," mtaalamu akasema. "Mwanajopo kumsaidia mtahiniwa ni upendeleo."

"Basi nani amsaidie?"

"Mtihani ni mmoja kwa wote. Huo ndio usawa."

Nikachungulia swali lililokuwa mbele yake. Liliandikwa: Ninapokuwa katika kundi, sauti yangu husikika. Chagua moja mpaka tano. Wallahi sikutunga. Mwenzangu akalitazama muda mrefu, akanitazama mie, akachagua tatu, kwa heshima.

Wa pili ulikuwa mazungumzo ya kundi. Waliwekwa mezani pamoja na wafanyakazi wengine watatu, wakapewa jambo la kubishania, mtaalamu pembeni anahesabu nani kasema mara ngapi. Mjukuu wangu alisema maneno mazuri sana, mengine hata mie sikuyaelewa, nikajivuna. Mwenzangu alikaa mikono juu ya mapaja. Kwenye karatasi yake pakaandikwa: Hakushiriki.

"Hakushiriki!" nikasema. "Mwanamke huyu miezi yote hii analiendesha jiko zima, leo hakushiriki?"

"Mama, tunapima tulichokiona."

"Basi shukeni mkaone kengine. Huyu ni mtu wa kupika, apimwe kwa kupika."

Hapo ndipo nilipowaeleza habari ya kawa. Kawa ni lile funiko la ukili, majani ya mkindu yaliyosukwa, tunalofunikia sahani. Ramadhani kwetu, magharibi ikikaribia, sahani zinakwenda nyumba kwa nyumba zimefunikwa, na wewe unayefuturu unakula kwanza kisha ndio unauliza kapika nani. Wapo watu waliosifia mapishi ya mahasimu wao mpaka wakaomba yaongezwe, kwa sababu ya kawa tu. Nikasema: wapike wote wawili mkate wa ufuta, uletwe umefunikwa, tusijue wa nani, tuonje tutie alama.

Mtaalamu akaruka. Akasema hiyo ndiyo tathmini isiyoangalia sura, vitabuni imo, na kumbe wenyeji tulikuwa nayo! Akaniomba nilitamke tena neno kawa, akaliandika.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu, na ni mimi niliyeufanya, si meneja wala mtaalamu. Hoteli haina makawa. Nikasema: kila mmoja alete lake kutoka nyumbani.

Siku ya kuonja sahani mbili zikawekwa mezani. Nilipotupa jicho tu nikalitambua moja. Kawa la kulia lilikuwa na ukingo wa zambarau na mshono wa kurudia pale ukili ulipokatika. Ukili ule niliusuka kwa mikono yangu, barazani kwangu, mwaka mjukuu alipoingia chuo. Mwanamke yeyote wa Unguja anayesuka angelijua kawa lake hata gizani kwa kulipapasa. Ningelijua langu hata likiwa limefunika jaa.

Wenzangu wao hawakujua kitu. Kwao yalikuwa makofia mawili mazuri ya nyasi. Mtaalamu aliyapiga picha kwanza, pande zote, mikate inapoa.

Tukaonja. Wa kawa la kushoto ulikuwa ndio wenyewe: ufuta umekaa, chini pamekauka, katikati laini unanyanyuka wenyewe. Wa kawa langu ulikuwa na sura nzuri kama bibi harusi, lakini katikati umebakia unga, umenata kwenye meno. Kaupindua mapema, mtoto wangu. Ana haraka, nimemwambia tangu mdogo.

Meneja akatia tisa kwa wa kushoto na tano kwa wa kulia. Mtaalamu akatia kumi kwa wa kushoto, nne kwa wa kulia, na akachukua kipande cha pili cha kushoto bila ya kuomba. Waliokuwa hawajui waliona sawasawa.

Mie niliyekuwa najua nikashika kalamu. Nikakiona akilini kile cheti cha barazani na kioo chake. Nikatia wa kushoto tisa. Wa kulia nikatia kumi.

Nimeandika haya mwenyewe, sikulazimishwa. Mie niliyekuja na habari za kawa, mie niliyewacheka kwa visanduku vyao, mie ndiye pekee pale mezani niliyeiba.

Mtaalamu akajumlisha yote kwenye kompyuta yake. Mkate, akasema, ni alama kumi tu katika mia. Mazungumzo ya kundi arobaini. Kikompyuta cha kupapasa arobaini. Zilizobaki ni za vyeti. Mshindi mjukuu wangu, kwa mbali.

"Mkate kumi?" nikauliza. "Katika kazi ya mikate?"

"Tunatafuta kiongozi, mama. Kiongozi lazima azungumze na watu."

"Huyu anazungumza na watu kila siku. Nyinyi ndio hamjui kumsikiliza."

Meneja akatabasamu lile tabasamu la kumpisha mtu mzima, akanisogezea fomu na kalamu. Wao walishatia sahihi zao. Yangu ilikuwa imeachiwa mstari, na kando yake penseli imechora msalaba mdogo, kwamba mama atie hapa.

Nikauangalia mstari ule. Kuandika jina langu nilijifunza nikiwa na watoto watatu, kwenye benchi la kisomo, mdogo ananyonya. Niliona fahari mwezi mzima, niliandika jina hata kwenye unga. Sasa nililitafutia pa kukaa kwenye karatasi ile, nikakosa.

Nikasema: "Hapo siweki jina langu, na wala sitoweka."

Mtaalamu akashangaa. "Lakini mama, aliyeshinda ni mjukuu wako!"

Kha! Kumbe wakati wote alikuwa anakumbuka.

"Ndiyo maana," nikamwambia, nikashuka jikoni kwenye mchuzi wangu.

Habari ilifika Amani kabla yangu. Nilimkuta binti yangu barazani, kanga kiunoni, yuko tayari.

"Mama, unamtilia mjukuu wako mchanga kwenye kitumbua chake?"

"Kitumbua chenyewe kibichi katikati," nikasema.

"Watu wengine wanawatafutia wajukuu zao kazi kwa magoti, wewe anapewa unakataa! Yule wa Makunduchi kakuzaa?"

"Hajanizaa. Kapika."

Mjukuu alikuwa amekaa chini ya cheti chake. Alikuwa halii, na hilo ndilo lililoniuma. "Bibi," akasema, "mie nimekosa nini? Nimeulizwa maswali, nimejibu. Nimeambiwa nizungumze, nimezungumza. Mtihani sikuutunga mie."

Na kweli, hakuutunga yeye. Nimelifikiri neno lile mara nyingi. Nikamwambia: "Hukukosa kitu. Aliyekosa ni bibi yako. Mkate wako niliutia kumi."

Akaniangalia. "Kumi? Ule mkate?"

"Ule ule."

"Bibi, ule mkate ulikuwa mbichi. Mie mwenyewe nilijua pale nnaupindua."

"Nami nilijua pale nautafuna."

"Na ulinijuaje na umefunikwa?"

Nikalinyooshea kidole kawa, lilikuwa juu ya kabati, limerudi nyumbani na ukingo wake wa zambarau. Akaelewa. Kidogo acheke, mdomo ulishaanza. Kisha akakumbuka alichokipoteza, akainuka akaingia ndani, na wiki nzima hakuniletea chai ya jioni. Nilijipikia mwenyewe, nikainywa haina sukari, kwa ukaidi.

Jikoni nako mwenzangu alikuwa hajui. Waliompigisha picha hawakupata muda wa kumpa habari. Kila siku alikuwa ananiuliza, viganja juu: nani? Na mie namjibu: bado. Anarudi kwenye kikaango chake. Anafungua jiko, anazamisha mayai, analipiga kofi gunia, anafanya kazi ya cheo ambacho fomu imeshampa mtu mwengine, na mwengine mwenyewe yuko juu anapanga vikombe, haniangalii.

Ijumaa meneja akaniita. Mtaalamu alikuwa anaondoka na boti ya mchana, mkoba wake uko mlangoni. Juu ya meza paliwekwa karatasi mbili zimepangwa sambamba kama sahani za wageni. Moja ile fomu. Ya pili mkataba wangu, ule ninaowekewa sahihi kila mwaka, na mwaka wangu ulikuwa unaishia mwezi ule.

"Bi mkubwa," meneja akasema kwa upole wa mtu anayemlisha mtoto dawa, "tumalize mambo yetu. Hii, halafu hii."

"Na nikianzia hii ya pili?"

"Bora tufuate utaratibu."

"Sisi hatukulazimishi, mama," mtaalamu akaingilia, na naamini kuwa alikuwa akisema kwa moyo safi. "Tunaheshimu sana sauti yako. Ndiyo maana tulikuweka katika jopo."

"Mliniweka kujaza visanduku," nikamwambia, "na sasa vinasema."

"Basi unataka nini?" meneja akauliza, upole umeanza kumwisha.

"Nataka iletwe fomu nyengine. Atafutwe wa kumfasiria, aulizwe kwa mikono, ajibu kwa mikono. Mkate upimwe kama kazi yenyewe. Na mie nitoke katika jopo, kwa sababu mie si mtu wa kuaminika, nimeshampa mjukuu wangu kumi ya uongo. Itoeni hiyo kumi kwanza."

Mtaalamu alifungua daftari lake, akalifunga. Nadhani katika kozi zake zote hakuwahi kukutana na mwanajopo anayejishitaki mwenyewe.

"Mama, taarifa imeshaandikwa," akasema polepole. "Ni jina lako tu lililobaki."

Wakati huo mlango ulikuwa wazi. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti na sinia la chai ya meneja, sijui tangu lini. Nyuma yake mwenzangu wa Makunduchi kapanda na mkate wa moto kwenye sahani, maana Ijumaa meneja hupelekewa wake. Akaniona nimekaa mbele ya karatasi mbili, akaona kalamu, akaona nyuso. Kiziwi si mjinga. Akaweka sahani chini, akanyanyua viganja.

Nani?

Nikamtazama mjukuu wangu. Hakuinamisha macho. Alikuwa amekasirika bado, na alikuwa mzuri, na sinia halikutikisika. Taratibu akajisogeza pembeni kidogo, kiasi cha mwenzangu aweze kuiona mikono yangu.

Basi nikamwambia. Kwamba wamemwandika huyu. Kwamba wanataka jina langu. Kisha nikamwambia kwa mikono nilichowaambia wao siku ile, neno kwa neno, sikupunguza. Akayafuata maneno mpaka la mwisho, akaweka ngumi kiunoni na vidole vyake vikafunguka na kufunga, lile jina langu la bata, lakini safari hii hakucheka.

Meneja akagonga kalamu mezani. "Umemwambia nini?"

Nikaisukuma kalamu kwake, nikageuka, nikayasema tena yaleyale kwa mdomo, ili na wenye masikio wasikie:

"Hapo siweki jina langu, na wala sitoweka."